Nilivyotengeneza logo ya samaki, Pemba nzima ikacheka na hakuna aliyethubutu kula

Wakuu, salaam.

Huu uzi unaniaibisha mwenyewe, nalijua hilo na nishajiandaa. Mkimaliza kusoma mtaniita mjinga, na mtakuwa mmesema kweli. Ila wallahi hakuna nilichoongeza hapa.

Mimi kijana wa Gombani, Chake Chake. Elimu yangu ya msingi, na hesabu za kugawanya zilinishinda mapema. Lakini nipe simu na bando, nakutengenezea posta ya biashara mpaka uhisi kibanda chako kiko Dubai.

Kazi nimejifunza kwa video za mtandaoni. Nimeshawafanyia vinyozi, mafundi cherehani, mpaka mwalimu mmoja wa tuition ambaye aliniuliza kwa nini nimemvalisha suti na yeye hana. Nikamwambia ndo branding hiyo, ustadh.

Kwa hiyo jina nilikuwa nalo. Na kichwa kilikuwa kishavimba.

Akaja Bi Zuwena.

Huyu ni mama wa Kojani, kile kisiwa kidogo ambacho hufiki bila chombo, na watu wake kazi yao bahari. Kukaanga samaki ndo maisha yake. Alikuwa amepata banda karibu na mlango wa uwanja wa mpira, lakini kwa majaribio. Mwenye banda, Mzee Faki, alimwambia wazi: "Siku ya mechi nione wateja. Nisipowaona, Ijumaa nampa wa chipsi."

Na huyo wa chipsi hakuwa maneno tu. Alikuwa keshakuja kupima pa kuweka jiko.

Bi Zuwena akanifuata barazani kwetu.

"Mwanangu, nambiwa weye ndo unotengeneza matangazo ya kwenye simu."

"Umefika, mama. Penyewe ndo hapa."

"Basi n'takukaangia samaki changu, unpige picha, untie huko. Watu wanjue."

Nikacheka kidogo, kitaalamu. "Bi Zuwena, samaki wa kukaanga kwenye sahani hana hadhi mtandaoni. Wewe unahitaji logo."

"Logo ndo nini?"

"Alama. Mtu akiiona tu anajua ni wewe."

"Mie ntu akisikia harufu tu anajua n'mie."

"Harufu haipiti kwenye WhatsApp, mama."

Akaniangalia. "Haya. Weye ndo uliyesoma."

Hapo alinimaliza. Tangu nizaliwe sijawahi kuambiwa maneno hayo.

Sasa wakuu, kuna jambo inabidi mlijue. Kwetu sisi watu wa muhogo na mpunga. Samaki namjua akiwa keshafika sahanini, keshakatwa vipande, ana nchuzi. Akiwa mzima mzima ndani ya maji, mimi naye hatujatambulishwa.

Nikatafuta vikatuni vya samaki. Vikaja mamia. Wembamba wote wana sura kama wanadaiwa. Nikapita, nikapita, mpaka nikamkuta mmoja mviringo, mashavu yamejaa, macho makubwa, madoadoa mgongoni, anacheka na meno yake mawili ya mbele. Nikasema huyu hapa! Huyu ana sura ya biashara!

Nikamvisha kofia ya mpishi. Nikampa kijiko. Nikamuwekea bahari nyuma na miali ya moto pembeni, moto na maji pamoja, maana kutengeneza vyote viwili nilikuwa najua na sikutaka ujuzi mmoja ulale.

Fonti nikatia nne. Kila neno lina kivuli na mng'aro wake. Chini nikaandika kwa herufi kubwa:

ONJA MARA MOJA TU, HUTOKULA KWENGINE TENA!

Kumbukeni hayo maneno.

Nikampelekea Bi Zuwena aone. Yeye ana kitochi, hivi visimu vya tochi na redio, kwa hiyo ilibidi atazame kwenye simu yangu. Kioo kimepasuka kama ramani, na tumesimama juani.

"Mbona naona buluu tu?"

"Bahari hiyo."

"Na samaki?"

"Yumo, anacheka."

"Samaki anacheka nini na yeye akaangwa?"

Nikajisemea, huyu mama sanaa haijui. Nikatia mfukoni, nikaondoka.

Jioni yake, siku moja kabla ya mechi, nikarusha kila mahali. Status, Facebook, magrupu ya mpira, magrupu ya harusi, mpaka grupu la madrasa ambalo nilitolewa saa hiyo hiyo.

Wakuu, ilienda! Watu wanashea mimi mwenyewe siamini. Vikatuni vya kucheka machozi mpaka simu inakwama. Jamaa mmoja akatuma sauti, "Yakhe, hawa wanataka kutumaliza!" Nikajua wateja wana hamu. Nikajibu, "Karibu sana mteja wetu."

Siku ya mechi nikachapisha na bango kubwa kwa rafiki yangu, nikaenda kulitundika mbele ya banda. Watu wakaanza kujaa. Wanacheka, wanapiga picha, wengine wanajipiga wenyewe na lile bango nyuma yao. Mimi nimesimama pembeni na miwani ya jua, napokea salamu kama bwana harusi.

Mara bajaji ikasimama. Bi Zuwena akashuka na mabeseni mawili ya samaki, kakaanga tangu asubuhi. Akayaweka mezani. Akainua macho.

Akalitazama bango juu mpaka chini.

"Nani kantundika bunju mlangoni kwangu?"

Wakuu, kwa wasiojua: bunju ni yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Ana sumu. Mwenye kumla anaweza asiamke. Pwani yote hii hata watoto wanakatazwa kumchezea, na mvuvi akimkuta wavuni anamtupa. Mimi nimemvisha kofia ya mpishi, nimemweka kwenye biashara ya chakula, nikaandika onja mara moja tu, hutokula kwengine tena.

Nikajaribu kujitetea. "Bi Zuwena, hiki kikatuni tu..."

"Kikatuni cha bunju!"

Mzee Faki alikuwa kakaa pale na kikombe chake cha kahawa. Akasema taratibu tu, "Banda langu, na mie mwenyewe sili hapa."

Mchezo ukaanza. Watu wakaingia uwanjani na picha zao. Mabeseni mawili yamejaa, hakuna aliyegusa hata mkia. Bi Zuwena akakaa kwenye kigoda, akajifunika vizuri kanga yake, akawa anawapepea nzi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Hapo ndo miwani niliivua.

Nikalishusha bango. Nikaenda kuazima sahani nyeupe nyumba ya jirani. Nikamwambia, "Mama, nichagulie wewe samaki. Mimi sijui."

Akanitazama, akatia mkono beseni la pili, akatoa changu mmoja. "Huyu. Angalia ngozi yake, haijapasuka. Nchane ubavu, watu waone nyama nyeupe. Ndimu iweke huku, pilipili huku, usinfunike."

Nikafanya kama alivyosema. Sahani nikaitandikia mkeka, nikaisogeza kwenye kivuli cha ukingo wa banda, pale ambapo mwanga unaingia lakini jua halipigi. Picha ikatoka hata mimi nikameza mate.

Maneno nikaweka machache, fonti moja, rangi nyeusi, juu ya sehemu tupu:

CHANGU WA LEO. Bi Zuwena wa Kojani. Mlango mkubwa, Gombani.

Basi. Kisha nikaiweka simu chini, nikarudi nyuma hatua tatu kuona kama inasomeka. Inasomeka.

Lakini bado kulikuwa na bunju kwenye vichwa vya watu. Nikaona bila ya mtu kula, picha peke yake haitoshi. Nikawasha video.

Bi Zuwena akamegua kipande, akamnyooshea mwenye banda. "Mzee Faki, kula."

"Tangulia weye."

Akala. Akamegua kingine, akanipa mimi. Nikala, nikalamba na vidole. Akamegua cha tatu.

"Haya, zamu yako. Ukifa, banda libaki la wanao."

Mzee Faki akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Akala. Akatafuna, akavuta sahani karibu yake.

Hapo nikakata video, nikarusha magrupu yote ya mpira pamoja na picha. Juu yake nikaandika ukweli: "Wa jana alikuwa kosa la dizaina, hajui samaki. Samaki wetu ni huyu. Mnaomuona akila ndo mwenye banda, na bado mzima."

Mapumziko yalipofika walitoka kwa makundi. Wa kwanza kabisa akagonga meza, "Bi Zuwena, nipe yule anocheka!" Watu wakaangua. Lakini alinunua. Na wa nyuma yake akanunua, na wa nyuma yake. Mchezo ulipokwisha beseni la kwanza lilikuwa tupu, la pili limebaki changu mmoja, na huyo Mzee Faki alimfunga kwenye gazeti akampelekea mkewe. Wakati anaondoka akasema, "Wa chipsi n'tamwambia atafute pengine."

Sasa wakuu, nimejifunza nini na ujanja wangu wote?

Mteja hanunui fonti. Anataka kuona kile atakachotia mdomoni, chako mwenyewe, sio cha kupakua. Picha moja safi, maneno ya kusomeka mtu akiwa anatembea, na pahala ulipo. Mapambo ukiona yanaificha bidhaa, yatoe. Na kabla hujarusha, muoneshe mtu anayeijua hiyo bidhaa, kwenye kioo kizima na kivulini, halafu asikilizwe. Bi Zuwena siku ya kwanza aliniambia kila kitu, miye nikamfundisha logo.

Na mtu akikucheka kwenye comment, muulize anacheka nini kabla hujamkaribisha kama mteja.

Kazi bado nafanya, na sasa nafanya vizuri, sijifichi. Wenye posta zilizowahi kuwaponza mwagikeni hapa chini, nisiwe mjinga peke yangu. Na wa kunichamba chambeni, nimekaa kwenye kiti.

Juzi Bi Zuwena kaniita bandani. Anataka nimfanyie matangazo ya kila wiki. Nikatoa simu, nikamuuliza tuanze lini. Akaniangalia kwa jicho moja.

"Kesho ushuke na chombo uje Kojani. Wiki nzima utaparua samaki na mie, n'kuulize majina yao. Ukiyajua, ndo utoe simu."