Shikamoo ya Kompyuta

Jamani, nichekeni tu. Jana ofisini Kilindoni nilikuwa nawaonesha wakubwa wetu wa Dar, kwa kikao cha mtandaoni, mchoro wangu wa gati la kisiwa cha Juani. Programu ya kuchora ikaganda, kama kawaida yake, na nyuso zao zikatoweka. Nikajua kikao kimekatika. Nikaifungua upya, ikaganda tena. Nikaapa: “Ukifunguka, wallahi nakupigia magoti!”

Ikafunguka. Gati zima, hadi nguzo ya mwisho! Mimi, mhandisi mzima, nikapiga magoti mbele ya kompyuta, nikainamisha kichwa na kupaza sauti: “Shikamoo, bibie!”

Spika ikaitika kwa sauti ya mama mkurugenzi: “Marahaba, mwanangu. Gati tumelipitisha. Inuka basi, tunaona kipara tu.”