Mdundo wa Kinu cha Shangazi Mwanasha

Asubuhi za utotoni mwangu, hapa Msambweni, zilianza kwa mdundo wa michi miwili katika kinu kimoja. Baada ya mavuno ya mpunga, shangazi yangu Mwanasha na jirani yake walisimama uani wakitwanga kwa kupokezana: wa huyu ukipanda, wa yule hushuka, na vumbi la makapi lenye harufu ya jua likawatua mabegani. Aliyekosa zamu yake aliugonga mchi wa mwenziwe; kwa hiyo kila mmoja alikuwa na neno la kusindikizia pigo lake, na kinu hakikunyamaza mpaka mchele ukatakata.

Mimi nilikuwa binti mwenye kigugumizi. Nilitamani kuwa mwalimu, tamaa niliyomwambia shangazi peke yake, maana hata jina langu lilinichukua muda kulitoa. Wenzangu wa madrasa walikuwa wamenipa jina lao: "Redio ya betri kuukuu! Itikiseni, itasema!" Msimu ule Maalim alinichagua nitoe hotuba ya kuwakaribisha wageni wa Maulidi. Nilirudi nyumbani nikilia, nikaapa kwamba sitakwenda. Shangazi hakunibembeleza. Jirani yake hakuwapo siku hiyo, basi akanikabidhi mchi wa pili.

"Twanga. Kila pigo litue na neno. Hotuba yote, tangu salamu."

Maneno yaliyozoea kuninasa kooni yakaanza kutoka, moja kwa kila pigo, kwa kuwa zamu yangu ilirudi upesi kuliko hofu. Tuliendelea siku baada ya siku, hata viganja vyangu vikaota malengelenge. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema huku akipeta, kana kwamba anazungumza na ungo.

Siku ya Maulidi uwanja wa madrasa ulinukia udi na pilau. Nilisimama mbele ya wageni, nikafungua kinywa, na salamu ikanasa. Nyuma yangu nikasikia mnong'ono: "Betri imekwisha." Kicheko kikapita katika safu ya watoto. Ndipo upande wa akina mama kiganja kikaanza kugonga mgongo wa sinia, taratibu, pigo baada ya pigo. Niliujua mkono ule. Nikatua neno la kwanza juu ya pigo, kisha la pili. Nikawakaribisha wageni, nikawashukuru wazazi, nikaomba dua, na umati mzima ukaitikia amina.

Nilimkimbilia. "Ahsante, shangazi! Hukuniacha hadi mwisho."

Akacheka hata leso ikamdondoka begani. "Mwisho upi, mwanangu? Sinia ilikuwa na kazi! Ulipofika kwa wazazi, mimi nilikuwa jikoni napakua pilau."

Leo mpunga wetu hupelekwa mashineni, na kinu cha shangazi kimefudikizwa uani, kuku wakikitumia kama kiti. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu. Kigugumizi hakijanihama, tumezoeana tu. Nilipotoa mhadhara wangu wa kwanza wa hadhara, shangazi alisafiri hadi chuoni, akaketi safu ya mbele kwa buibui lake jipya. Katikati ya utangulizi neno likaninasa, nikamtazama. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia, wala haikunyanyuka. Aliniinulia kidevu tu, kama mtu ambaye ameshapiga pigo lake na sasa anangoja la mwenziwe. Nikapiga langu.