Nilisikia Nusu ya Habari ya Wakulima wa Marekani

Siku yangu ya kwanza kwenye ulinzi nilipewa koti la mtu mnene na kofia ya mtu mwenye kichwa kidogo. Supavaiza wetu, Mzulu mrefu asiyecheka, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe Tanzania, ukisinzia hapa, ndoto utaimalizia kwenu. Sharp?"

"Sharp, bosi," nikaitikia, yaani sawa.

Niliacha kazi hiyo kabla sijaota mvi, lakini wadogo zangu mnaofika Joburg huniuliza ilikuwaje, basi naandika. Lindo langu la kwanza, yaani mahali unapopangiwa kulinda, lilikuwa jengo la chuo pale Doornfontein, mwaka 2016. Unazunguka na kijiti cha chuma, unakigusisha kwenye vitufe vya ukutani ili ofisini wajue hukulala. Ukimaliza mzunguko, unasimama mlangoni. Na mlango wangu ulikuwa wa darasa la historia.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, akiacha mlango wazi kwa sababu ya joto. Mimi niliishia kidato cha pili, ila alizungumza Kiingereza taratibu, na nilichokipata nilikipata. Alikuwa akifundisha habari za wakulima wa Marekani, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Reli iliwatoza ilivyotaka. Mwenye duka aliwakopesha mbegu, kisha pamba yote ikawa yake kabla haijachanua. Wakaanza kukutana mashuleni na makanisani, wakanunua kwa pamoja, wakauza kwa pamoja, hata kina mama wakapanda jukwaani kuhutubia. Mwisho wakaunda chama chao cha siasa, na watu wao wakachaguliwa. Mimi pale mlangoni nilitaka kupiga makofi.

Nje ya geti alikaa Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu, akiuza nyanya pamoja na wenzake watano. Nyanya zao zililetwa na jamaa mwenye pikapu. Yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kununua paleti nzima, yaani rundo zima la maboksi, soko kuu, maana madalali wa kule hawapendi kusumbuliwa na mtu wa boksi moja. Maboksi ya juu alijiwekea. Ya chini, yaliyokandamizwa, ndiyo akawauzia kina mama.

Nikamhadithia Mama Neema habari za wakulima wangu.

"Na bale bamama balihutubia mbele ya banaume?" akauliza.

"Tena wanaume wakanyamaza."

"Eeh! Basi na sisi tuko na midomo."

Wakachanga, wakakodi gari, wakaenda sokoni wenyewe. Dalali wa kwanza aliwafukuza. Wa pili akawasikiliza, baadaye akawa anawawekea paleti. MaDlamini, mwenyeji pekee kati yao, ndiye aliyeleta sheria: anayegawa ndiye anayechukua mwisho. Basi mgawaji alikuwa makini kama anagawa urithi.

"Eish, Mama Neema, boksi hilo mbona limenenepa?" MaDlamini akamtania.

"Linafanana na miye. Ulitake, uliache."

Walicheka, na nyanya zao zilikuwa nzuri. Niliota makubwa: Doornfontein leo, kesho Soweto yote.

Sasa, kazi yetu ina desturi yake: mlinzi hakai lindo moja muda mrefu, asije akazoeana na watu. Supavaiza akaniambia, "Tanzania, kesho Kensington. Hapa umeshakuwa mwanafunzi." Nikaondoka kabla mwalimu hajamaliza habari ya wakulima.

Nikiwa Kensington, mlangoni mwa duka, Mama Neema alinipigia simu. Mfanyabiashara mkubwa mwenye lori amewafuata, anataka waungane naye. Lori lake, jina lake sokoni, na sheria yao ya kugawa ataiheshimu. Nilifurahi mpaka mteja akageuka kuniangalia.

Sheria aliiheshimu mwanzoni. Kisha wakawa wanagawa vijana wake. Kina mama hawakuwa na sababu ya kwenda sokoni tena, na dalali akamjua yeye tu. Maboksi yaliyokandamizwa yakarudi. Walipotaka kujitoa, dalali yule alikuwa ameacha kazi, gari la kukodi halikuwepo, na wenyewe walishaanza kulaumiana. MaDlamini akarudi Soweto.

Mwaka 2018 nilirudishwa Doornfontein kushika zamu ya mlinzi aliyeugua. Nikamwona mwalimu kwenye ngazi.

"Samahani, mwalimu. Wale wakulima wa Marekani waliishia wapi?"

Akashangaa, kisha akakaa kabisa. Akaniambia chama kimoja kikubwa kilichukua dai lao moja, la kutengeneza sarafu za madini ya fedha ili pesa iwe nyingi, nao wakamuunga mkono mgombea wa chama hicho. Akashindwa. Chama chao kikayeyuka ndani ya kile kikubwa. Baadhi ya mambo waliyoyadai yalikuja kuwa sheria, lakini kwa mikono ya wengine.

"Hakuna aliyewaonya?"

"Walionyana wenyewe kwa wenyewe," akasema. "Walibishana sana. Lakini walikuwa wamechoka kuwa wadogo."

Mwaka uliofuata nikarudisha koti na kofia ofisini. Supavaiza akanipa mkono, akasema nitajuta. Kwa hilo sijuti. Nikapita saluni anakosukia watu nywele Mama Neema siku hizi, nikamweleza ule mwisho nilioukosa. Alisikiliza bila kuacha kusuka.

"Ungetuambia mbele, tungekataa?" akauliza. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana, mwana yangu. Lori lilikuwa zuri. Tungelipanda tu."

Mteja akalalamika kwamba anavutwa. Mama Neema akalegeza mkono.

"Na bale bamama ba kuhutubia," akasema, "kisha chama kuisha, balirudi kwa nani?"

Hilo sikuwa nimemuuliza mwalimu. Nilikaa pale saluni mpaka kichwa cha yule mteja kikaisha kusukwa.