Sufuria Gatini

Kila kiangazi tunapopiga mahema kando ya ziwa, mkodishaji wa mitumbwi huwa ni mama yule yule, mwenye viganja vikavu kama gome la msonobari na sauti ya kukwaruza. Hamwachi mtu aingie majini kabla yeye mama hajaikaza kwa mikono yake mikanda ya jaketi lake la kujiokoa. “Ukipumua kwa raha, bado halijabana,” husema, na kuvuta tena. Mwaka jana, asubuhi moja ya Agosti, ukungu ulishuka ghafla huku majirani zetu wa kambini, mzee Halvorsen na mkewe, Bi Solveig, wakiwa bado katikati ya ziwa wakivua. Yule mama alikuja hemani kwetu akachukua sufuria, akasimama mwisho wa gati, akaanza kuigonga kwa mwiko wa chuma ili waifuate sauti. Aligonga karibu saa nzima. Nilipotaka kumpokea mwiko alinifokea, “Wewe sikiliza tu!” Hatimaye nilisikia kasia likipiga maji, kisha Bi Solveig akilalamika, “Nani huyo anatutoboa masikio?”

Mtumbwi ulipotokeza, mama aliudaka kwa mikono miwili, akauvuta hadi gatini, na hata ulipokwisha kufungwa hakuuachia. Nilidhani atawagombeza.

“Mmepata samaki?” aliuliza.

“Wawili tu,” mzee alijibu kwa aibu.

“Basi mmoja wangu,” akasema, akaketi palepale kwenye mbao zilizolowa, akacheka mpaka machozi yakamtoka.