Kiingereza cha Jumamosi Alasiri

Vita vilipofunga barabara ya Kalima na treni ikaacha kuja, shule yetu nayo ilifungwa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Nilibaki nyumbani kwa mama mdogo, nikitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na kusubiri, sijui nilikuwa nasubiri nini. Mji mzima wa Kindu ulikuwa unasubiri. Chumvi ilikuja kwa ndege, sabuni ilikuja kwa ndege, na siku nyingine, ndani ya mizigo hiyo hiyo, zilikuja kaseti za video.

Kaseti hizo alizipokea jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi wa reli. Kwa kuwa hapakuwa tena na treni ya kutengeneza, aliitoa televisheni yake sebuleni, akaiunganisha na jenereta ndogo, akatandika mikeka uani na kufunga turubai juu. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, mafuta yakipatikana, alituonyesha filamu. Jua likianza kushuka alizima, hata kama filamu haijaisha, ili kila mtu afike kwake mapema. Filamu nyingi sijui mpaka leo ziliishaje.

Zote zilikuwa za Kiingereza. Sisi ni watu wa Kiswahili na Kifaransa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa Kiingereza kidogo tu, salamu na majina ya rangi. Wenzangu walitazama ngumi na magari yanayopinduka. Mimi nilishikwa na maneno. Nilikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kifaransa aliyoniachia marehemu baba, lakini mchwa walikuwa wamekula nusu yake ya mwisho. Iliishia kwenye herufi M. Neno likianza na B au H nililipata. Likianza na S au T nilikisia kwa kumtazama usoni aliyelisema.

Mzee alipoona naandika daftarini, aliniwekea kigoda mbele kabisa.

"Mutoto wangu," alisema, "utuelezee wanasema nini."

Ndivyo nilivyokuwa mkalimani wa ua mzima. Niliwaeleza kwamba "take it easy" ni kumtuliza mtu mwenye hasira, na kwamba askari akiambiwa jambo kwenye redio hujibu "copy that", yaani nimesikia. Hayo niliyapata sawa. Lakini Jumamosi moja palikuwa na askari aliyejeruhiwa, amelala chini ya daraja, na rafiki yake anamwambia, "Hang in there." Nilifungua kamusi haraka. *Hang*: kunyonga, kutundika.

"Anamwambia ajinyonge mle ndani," nilisema.

Ua mzima ulichemka. Mama mmoja alisimama. "Rafiki gani huyu? Mutu anavuja damu, unamuambia ajinyonge?" Mama mdogo alinitazama kwa mashaka, ila hakunisaliti mbele za watu. Filamu iliendelea, yule askari hakujinyonga, na mimi nikaandika alama ya kuuliza kubwa daftarini.

Kisha mapigano yakausogelea mji. Mafuta yakakosekana kabisa, turubai likafunguliwa na kuwa paa la jikoni la mtu. Yule mzee aliugua wakati dawa hazipatikani, akafa bila kuona treni ikirudi. Nilikwenda kumsaidia mjane wake kupokea watu wa msiba, nikaikuta televisheni imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, safi kama siku zote.

Vita vilipoanza kupoa, ndege ilileta madaktari wa kigeni hospitalini. Miezi michache baadaye mama mdogo alishikwa na uchungu wa uzazi. Tulimbeba asubuhi kwenye baiskeli, mimi nikisukuma na jirani mwingine akimshika mgongoni. Tulipofika alikuwa ameanza kutoka damu nyingi. Daktari wa zamu alikuwa mtu mfupi wa miwani, mtu wa Asia, asiyejua neno la Kifaransa wala la Kiswahili, na mkalimani wake alikuwa amelazwa na malaria wodi ya pili.

Muuguzi alitoka mlangoni akawauliza ndugu waliokuwa wakiwauguza wagonjwa, "Nani hapa anajua Kiingereza?"

Kutoka kitandani nikasikia sauti ya mama mdogo, katikati ya maumivu: "Huyu! Mutoto wangu anajua. Alijifunza kwa sinema!"

Niliingizwa ndani. Daktari aliuliza damu imeanza lini, nikauliza, nikajibu kwa vidole na maneno niliyokuwa nayo. Alisema asisukume bado, nikamwambia mama mdogo asisukume. Kila daktari aliponipa agizo nilijibu "copy that." Aliponiuliza kama mama mdogo amewahi kupasuliwa, nilijibu "negative", yaani hapana, kama askari wa redioni. Nilimwona akinitazama mara mbili, lakini hapakuwa na nafasi ya kuuliza.

Kisha mama mdogo alianza kulegea. Macho yalikuwa yanajifumba. Daktari aliinama karibu na uso wake, akamshika mkono, akasema, "Hang in there."

Nikalikumbuka neno lile la daftarini, lenye alama ya kuuliza. Muuguzi alinihimiza, "Sema basi, anasema nini?" Ningesemaje? Daktari akarudia, polepole, na nikaona jinsi alivyokuwa ameubana ule mkono, kama mtu anayemvuta mwenzake kutoka majini. Hakuna anayemshika mtu hivyo akimtaka afe.

"Mama mudogo," nilisema, "anasema uvumilie. Shikilia hivyo hivyo, usiachie. Tumekaribia."

Alifungua macho. "Si njo lile neno la kujinyonga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Njo lenyewe. Nilikosea."

Alicheka. Kicheko kilimgeuka kuwa uchungu, daktari akasema asukume, na baada ya muda ambao sikuweza kuupima tulisikia mtoto akilia. Wa kike. Mama yake alilala siku nane pale hospitalini, akatoka kwa miguu yake.

Siku ile ile ya kuzaliwa mtoto, mkono ukiwa bado na sabuni, daktari aliniuliza nilijifunza wapi Kiingereza. "Movies," nilimjibu. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema siku nzima alijiona kama yuko kwenye gari la polisi. Akanifundisha pale pale kwenye sinki: mtu akikuuliza, jibu "yes" au "no", inatosha. Wiki iliyofuata aliniita nisaidie wodini, na nilifanya kazi hiyo mpaka timu yao ilipoondoka. Shule zilipofunguliwa nilirudi kumaliza, kisha nikaenda chuo cha ualimu kusomea Kiingereza.

Sasa nafundisha hapa hapa Kindu, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Wanafunzi wangu ni wauguzi, waendesha pikipiki, na mama wafanyabiashara wa vitenge. Nawapa kila mmoja filamu ya kutazama kwenye simu, waje na msemo mmoja, na nawauliza kwanza: aliyesema alikuwa na uso gani? Kamusi tunaifungua baadaye.

Mwezi uliopita mmoja wa hao mama, mtu wa Pangi aliyezidi miaka hamsini, alisafiri peke yake kwenda nje kununua bidhaa, mara yake ya kwanza. Alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege, nyuma yake kelele tupu. Begi lake lilikuwa limepotea, na ofisa alimwambia aende tu, watamwandikia.

"Mwalimu, nikaweka mikono kiunoni," alisema. "Nikamuambia, 'I'm not leaving without my bag,' siondoki bila begi yangu. Kama ule dada wa filamu. Nikakaa chini."

"Halafu?"

"Halafu wameileta! Iko hapa mbele yangu. Sasa niambie, nitamushukuru huyu kijana aliyeileta kwa maneno gani mazuri?"

Nilimwambia aseme "thank you" tu. Nikamsikia akigeuka na kuisema, kwa sauti kubwa, akiivuta mwishoni kama tunavyovuta maneno yetu huku, na yule kijana akamjibu.