Mzimu Aliyelowa

Bisi zikianza kuungua jikoni kwangu hapa Riyadh, huku wanangu wakigombania rimoti, hujikuta nimerudi sebuleni kwetu Sharafiya, Jeddah, juu ya zulia lililokuwa likiniwasha magoti.

Kaka yangu alikuwa amesikia shuleni kwamba siku ile ni Halowini, na watu hutazama filamu za kutisha. Akaazima diski mbili kwa rafiki yake. Moja ilikuwa na picha ya paka aliyevaa kofia, nyengine ya mwanamke mwenye macho meupe.

"Wewe chagua ya paka," aliniambia. "Ukilia tu, mama atazima, halas."

Nikachagua ya mwanamke.

Alipotokea dirishani, amelowa chapachapa, machozi yalianza kunilengalenga. Ndipo mama akaingia na bakuli la bisi, akasimama kutazama.

"Maskini, mtoto wa watu," akasema. "Mvua yote hii, na hapana hata mmoja wa kumfungulia mlango?"

"Mama, huyo mzimu!" kaka alimwambia.

"Mzimu ndio hasikii baridi?"

Nilicheka mpaka bisi zikanipalia. Tangu hapo, kila mzimu alipobisha, mimi na mama tulimjibu kwa pamoja, "Karibu, pita ndani!" Kaka alikuwa amejifunika mto usoni.

Tulipokwenda kulala na taa kuzimwa, kaka akaniita kwa sauti ndogo.

"Njoo nikusindikize chooni."

"Sina haja."

Akanivuta shuka.

"Basi nisindikize mimi."