Macho Mazima Msibani

Juma lililopita, katika zahanati moja ya Makambako, mama aliyekuwa mbele yangu aliomba dawa ya macho. Dresa, mhudumu wa zamu, akamfunua kope.

“Mama, macho haya ni mazima.”

“Mazima mno, baba. Leo tunamzika mama mkwe, na mawifi wananitazama mimi tu. Nitilie, yachuruzike hadi shavuni.”

“Dawa ya Serikali si ya kudanganyia mawifi!”

Mimi, mwenye macho mekundu tangu nimzike mke wangu, nilipewa chupa bila swali. Nikamfuata yule mama nje.

“Chukua, mama. Machozi mimi ninayo.”

Akauliza sababu, nikamweleza taratibu. Akalia kweli, kwa kwikwi. Kisha akanirudishia chupa, akakaza kanga, akakimbilia msibani kabla machozi hayajakauka.

Mungu anisamehe, nilicheka. Mara ya kwanza tangu mazishi.